Kuponi za Nepi

Mpaka leo nikipita mbele ya duka kubwa lile, damu inanichemka. Mshahara wangu wa kushona mapazia huku ugenini, mtaa wa Fordsburg, haukutosha vyakula vya mwezi na nepi juu yake, na kreshi, mahali pa kumwachia mwanangu mchana, walikuwa wamesema wazi: Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mtoto asiye na pakiti kubwa ya nepi asiletwe. Bila kreshi sina kazi. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Nyumba yetu ya mtaa wa Bellevue ilikatwakatwa vyumba, na sisi wanawake wanne tuliokaa humo, Wakongo watatu na Mrundi mmoja, tulijiona wajanja. Ukinunua kitu dukani, chini ya risiti inatoka kuponi: ya sabuni, ya mafuta, ya nepi. Moja peke yake haifiki mbali. Basi tukafanya kama tulivyozoea nyumbani, tukaanzisha likelemba, mchezo wa kuchanga na kupeana kwa zamu. Kuponi zote zinaingia katika kopo la biskuti, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi mwenye zamu anabeba zote, ananunua vya mwezi mzima kwa bei nafuu. Kopo nililitunza mimi chini ya kitanda, na niliringa nalo kama mweka hazina wa kanisa.

Zamu yangu ilipofika nilijaza toroli. Nepi niliziweka juu kabisa. Dada wa kwenye mashine alipokea rundo langu la karatasi, akazipitisha, mashine ikalia, akapitisha tena, ikalia.

"Eish, mama," akasema, akanigongea kidole kwenye maandishi madogo.

Tarehe. Karibu zote zilikuwa zimepitwa na wakati. Nilibembeleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, meneja akaitwa, naye akatikisa kichwa bila hata kuzigusa. Nepi nilizirudisha mwenyewe kwenye rafu, foleni nzima ikinitazama. Wezi wakubwa! Wanakupa punguzo, halafu wanalifungia kwa herufi za kutafutwa na tochi. Nani anamaliza mafuta ya kupikia kwa wiki mbili ili arudi mbio kununua mengine? Nilitembea mpaka nyumbani nikisema peke yangu, na aliyenitazama barabarani nilimtazama vibaya zaidi.

Nikaingia uani nikipiga kelele. Mrundi alikuwa anafua, mtoto wake mgongoni.

"Zangu pia zilikufa, dada," akasema.

"Zako? Za mwezi uliopita? Na wewe ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilikuja kwako mbele ya zamu yangu. Nikakuomba nibaki na ile ya nepi, moja tu, nikakuonyesha na tarehe."

Hapo nikakumbuka. Alisimama mlangoni pangu na risiti mkononi, nami nilikuwa ninakata kitambaa, wala sikuinua kichwa. Nilimwambia, "Likelemba iko na sheria yake. Weka ndani ya kopo, ngoja siku yako." Alipoondoka nikamsema kwa wale wengine wawili, kwamba mwenzetu ana pupa. Tarehe sikuitazama. Sheria ile niliitunga mimi, na nilikuwa ninaionea fahari.

Nilisubiri anitukane. Nilitaka kabisa anitukane, nipate mtu wa kugombana naye, maana hasira ilikuwa bado imenijaa na duka lilikuwa mbali. Yeye akakamua shuka, akalitundika kwenye kamba.

"Jumatatu uniachie mtoto wako," akasema. "Miye niko tu hapa. Wangu kreshi walishamkataa."

Mwezi mzima nilikuwa ninamwona na mtoto yule mgongoni, asubuhi ninapotoka na jioni ninaporudi. Zamani alikuwa anasuka nywele saluni. Sikuwahi kumuuliza kwa nini siku hizi haendi. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikajichukia kwa nguvu zile zile nilizotoka nazo dukani.

Jumatatu alfajiri nilibisha kwake. Mkono mmoja nilibeba mwanangu, mwingine kopo la biskuti, nikamwambia tangu leo alitunze yeye, kila mtu achukue kuponi anapoihitaji.

Mtoto alimpokea. Kopo akanirudishia.