Fimbo Iliyoitwa Noamu

Baba yangu, Ruberwa, alikuwa na fimbo yenye jina. Aliichonga alipokuwa akichunga ng'ombe milimani kwetu Minembwe, akakimbia nayo vita, akaja nayo mpaka Louisville, Marekani, ambako hakuna cha kuchunga ila maboksi ya ghala la Jeffersontown. Jina aliipa kwenye kambi ya wakimbizi, siku mchungaji wa kanisa alipofundisha habari za nabii Zekaria na fimbo zake mbili, moja ikiitwa Noamu. Neno hilo la Kiebrania, alisema, ni uzuri na utamu, ile raha ya watu kukaa pamoja bila kinyongo. Baba alilipenda mno. Pale mbele, ambapo nabii anaivunja fimbo hiyo kwa kuwa agano limekwisha, hakupenda kusikia.

Nyumbani fimbo ndiyo ilikuwa mahakama yetu. Tukigombana, Baba anailaza sakafuni katikati yetu, na hainuki mtu mpaka tusameheane. Kuiruka? Nani angethubutu! Afadhali umtukane.

Novemba 2014 Mama alifariki. Kaka yangu Jean-Baptiste, anayekaa Kenmore, kule Buffalo, alizuiwa na theluji iliyofunga barabara kuu. Alipiga simu akilia tumngoje siku mbili. Kaka mkubwa, Rugaba wa Columbus, akakataa, tukazika. Tangu hapo hawasalimiani. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nililima miezi saba mpaka jembe likaisha.

Mwezi wa sita nilimwendesha Baba kwenda kuwapatanisha. Northland, mtaani kwake Columbus, Rugaba alitupokea kwa chai.

"Papa, yeye akikubali kukaa mbele ya fimbo, muniite tu. Nitakuja leo leo, nimuombe musamaha."

Baba aliimba njia nzima mpaka Kenmore. Nami, mjinga, nikawa naitikia.

Tulimkuta Jean-Baptiste amekwisha vaa viatu vya kazi. Baba akailaza fimbo kwenye zulia, kati ya kochi na mlango, akamweleza maneno ya ndugu yake. Kaka akaitazama.

"Papa, Mama alinizaa, na sikumutupia hata udongo. Bon. Hiki ni kifimbo tu. Niko nachelewa kazi."

Akairuka, akaenda zake.

Nilitamani kumfuata nimzabe kofi. Baba aliiokota fimbo, akaiweka gotini, akakaza mikono. Ikamshinda. Akanipa mimi.

"Précieuse, weye uko na nguvu. Vunja."

Nilikataa. Akarudia kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kelele. Nikaikanyaga katikati, nikavuta. Ilivunjika upesi, miaka ya hita za Marekani ilikuwa imeukausha ule mti.

Tukirudi hakuimba. Karibu na Columbus simu yake ikaita: Rugaba. Ikanyamaza, ikaita tena. Nikawasha taa ya kugeuka kuingia Northland.

"Pita tu," Baba akasema. "Fimbo haiko tena."

Nikapita.