Mwaka Ruvu Ilipopanda Hadi Mlangoni

Nilitoka kwetu Marui, Kisarawe, kwenda kusoma umeme wa majumbani katika chuo kimoja cha ufundi Mlandizi. Baba mdogo, aliyenilea baada ya baba kufariki, hakupenda. Alisema nyaya ni kazi ya wanaume, mimi cherehani inanitosha. Nikamjibu kwamba cherehani ya mama ipo na siipendi. Mama akacheka, ubishi ukaishia hapo.

Nilipanga chumba upande wa bondeni, kwa bibi mmoja mjane aliyelima mpunga karibu na mto Ruvu. Masika yalipoanza, majirani waliniambia nihame. "Wewe mgeni, mto huu huujui." Sikuhama. Kila nilipokuwa na mtihani, bibi alinipikia uji bila kuombwa. Mtu kama huyo humwachi na maji ukaenda zako.

Maji yenyewe hayakuja kwa kishindo. Nilikuwa nafagia asubuhi, nikaona uwanja unang'aa. Mara yakafika kwenye ngazi ya mlango.

"Bibi, tunazima umeme kwanza."

"Na godoro langu je?"

"Godoro baadaye."

Sakafu ilikuwa bado kavu. Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha swichi kubwa. Kabla sijashuka, jirani akaita: kwake maji yalikuwa yanakaribia kizingiti na runinga bado inaongea. Nikaenda na kigoda changu. Kutoka pale nikaenda nyumba iliyofuata. Huko vijana walikuwa wamekaa kitandani, wakanicheka.

"Dada, usituzimie bwana, tunachaji simu!"

"Chajini tu. Maji yakifika kwenye soketi, na nyinyi mtachajiwa."

Wakazima wenyewe.

Nilipotoka nikamkuta baba mdogo njiani, suruali kaikunja hadi magotini, viatu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Funga mizigo, twende nyumbani. Tangu asikie mto unajaa, mama yako hali chakula."

"Siendi, baba. Nyumba za kule chini bado zina umeme."

"Kwani shirika la umeme ni lako?"

"Si langu. Lakini swichi naijua ilipo."

Alinitazama kama anavyomtazama mbuzi anayegoma kamba. Nilidhani atanivuta mkono. Badala yake akachukua kigoda kwapani. "Haya, wapi?"

Tukazunguka pamoja, mimi nikizima, yeye akibishana na wenye nyumba. Nyumba ya mwisho tulichelewa. Maji yalikuwa yameshaingia ndani na kugusa soketi. Nikasimama mbali, nikapiga kelele watu wote watoke kwa mlango wa nyuma, ambako kulikuwa bado kukavu, na pasiwe na wa kukanyaga maji yale. Walipotoka wote, mwenye nyumba akageuka ghafla kufuata redio yake. Baba mdogo akamdaka shati.

"Mwanangu kasema usiingie!"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo mbele za watu, kwamba mimi nimesema. Nilikaza uso.

Alasiri umeme ulikatwa eneo zima, nasi tukahamia madarasani kwenye shule ya msingi iliyo juu. Bibi alipoteza mpunga wote na ukuta wa nyuma. Baba mdogo akasema tena twende Marui. Nikamwambia mitihani iko mbele yangu na bibi hana mtu. Akarudi peke yake. Baadaye mama alinisimulia kwamba alifika akiwaambia watu barazani: "Yule haji. Ana kazi."

Chuo nimemaliza, na Mlandizi sijaondoka. Bibi alijenga upya, sehemu ya juu kidogo, nikamfungia umeme mwenyewe. Soketi zote nimeziweka usawa wa kifua. Fundi mmoja alipita akasema zinaharibu sura ya ukuta. Nikamwambia mto ukipanda tena, aje autazame ukuta vizuri.