Korido ya Bologna

Yule mzee wa Kiitaliano alikuwa amegoma kutembea kwa siku tisa. Nyonga aliyoivunja ilishapona vya kutosha, lakini kila nikimsogezea fremu ya kutembelea alinigeuzia mgongo. Asipotembea mwenyewe hadi mwisho wa korido na kurudi, angepelekwa makao ya wazee badala ya nyumbani kwake. Alilijua hilo, na bado akagoma.

Mimi ni nesi hapa hospitalini Toronto, na subira yangu ni fupi. Siku hiyo nikajaribu kumlainisha kwa picha ambayo binti yake aliibandika ukutani: mnara wa matofali, umeinama. Nikamwambia hata shuleni kwetu Tanga tulisoma habari za mnara wao wa Pisa.

Alinitazama kama niliyemtukania mama.

"Pisa?"

Akateremsha miguu, akakamata fremu, akaenda mpaka ukutani kunionyesha kwa kidole. Hiyo ni Bologna, na minara ni miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na huo mfupi ndio ulioinama zaidi. Niliona aibu, lakini furaha ilizidi, maana alikuwa amesimama.

Tangu hapo tukawa tunaitembea Bologna koridoni. Mlango wa kwanza, minara. Penye lifti, lile kanisa kubwa ambalo uso wake ni marumaru chini na matofali matupu juu, kwa sababu halikumalizwa. Na njia nzima, alisema, unapita chini ya matao yaliyofunika kando ya barabara, mvua isikuguse. Nikamwambia kwetu tungeita baraza. Neno likamkaa, ikawa kila asubuhi anataka twende barazani.

Siku ya kupimwa alikuja daktari mgeni. Mzee akafika mwisho wa korido, akihema. Daktari akamwuliza kama anajua yuko wapi.

"Barazani," akajibu, "nimeshapita kanisa."

Daktari akaanza kuandika. Nikaogopa sana, kwani nilijua anaandika kwamba akili ya mzee imepotea. Nikamkatiza, nikakiri kwamba ni mimi niliyempeleka huko, mara mbili kwa siku. Mzee akatutazama, akaelewa.

"Niko Toronto," akamwambia taratibu, "ghorofa ya tatu, Alhamisi, na supu yenu haina chumvi. Lakini umeniuliza wakati natembea, na mimi nikitembea niko kwetu."

Daktari akafuta alichoandika. Jumamosi mzee alitoka kwa miguu yake, nami nikalia mbele ya binti yake bila haya.