Tarumbeta Lililonyamaza Wiki Nane

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, pasi bado haijapata moto na mwenye duka bado yuko kitandani. Katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, kati ya makoti yaliyotundikwa na mashuka yanayosubiri kunyooshwa, mwanamke wa miaka thelathini na minne anatoa tarumbeta kwenye mfuko wa kitambaa. Analamba midomo, anafumba macho.

Sauti inatoka. Ni ndogo, safi, haina mkwaruzo. Anaishikilia kidogo, kisha anashusha tarumbeta na kucheka peke yake.

"Bado ipo," anasema. "Kila asubuhi lazima nihakikishe. Usinicheke, aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka."

Wenzake kwenye bendi humwita Mashavu. Siku za kazi ananyoosha nguo za watu. Jumamosi anapuliza tarumbeta harusini, na huu ni mwaka wa kumi na nne. Juzijuzi nusura yote hayo yaishe, kwa kosa ambalo ni mpulizaji tu anayeweza kulifanya.

Kiangazi kilichopita yeye na binamu yake, mpiga ngoma, walifunga safari ya miezi mitatu ng'ambo, kupiga muziki mitaani. Nauli ilimeza mshahara wake wa miezi minne. Mama yake alimuuliza kama barabara za nyumbani zimekwisha.

"Nikamwambia, mama, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Akasema haya, okota, ila usiokote maradhi."

Siku ya kwanza walijipanga katikati ya uwanja mpana, mahali alipopachagua Mashavu mwenyewe kwa kuwa palipita watu wengi. Ukumbi wa harusi una kuta na dari. Ukipuliza, sauti inakwenda na kukurudia. Uwanjani ilikwenda na haikuaga.

"Nikawa sijisikii. Nikaongeza pumzi, wapi! Nikaongeza tena. Binamu ananifokea, 'Dada, punguza, watu wanaziba masikio!' Mimi nikadhani ananionea wivu."

Akajikaza kisabuni wiki tano nzima, saa sita kwa siku. Mdomo ukavimba, ukaingia ganzi, naye akaupaka mafuta na kuendelea. Alasiri moja, katikati ya wimbo, ukatoka upepo mtupu. Wasikilizaji walidhani ni mzaha, wakapiga makofi.

"Nililia pale pale," anasema. "Na wao ndio kwanza wananishangilia."

Daktari alimwambia msuli wa mdomo umeumia. Wiki nane asiliguse tarumbeta, halafu tutaona.

"Hiyo 'tutaona' ndiyo iliyonikosesha raha. Angesema utapona, au hutapona, ningejua pa kushika. Sijui kazi nyingine inayonifanya nijione mtu. Pasi? Pasi hata wewe unaweza."

Tiketi ya kurudi ilikuwa na tarehe yake, kwa hiyo alibaki huko akizungusha kofia huku binamu akipiga ngoma peke yake. Nyota wa bendi kugeuka mwomba sarafu! Alikubali kwa shingo upande, lakini kofia ilimpeleka karibu na watu, na huko ndiko macho yake yalikofunguka.

Aligundua kwamba wasikilizaji hawaondoki kwa kuchoshwa. Wanaondoka wimbo unapokwisha. Yeye alizoea ya harusini: unamaliza, unainama, unangoja makofi. "Mtaani ukinyamaza tu, mtu anakumbuka alikokuwa anakwenda. Binamu akaanza kuunga wimbo kwa wimbo bila kupumzisha mkono, watu wakaganda."

Kisha kulikuwa na mzee mpiga fidla, aliyekaa kila siku kwenye kichochoro chembamba kando ya uwanja. Mashavu alikuwa amemdharau, akidhani amejificha kwa aibu. Siku moja mzee alimshika mkono, akamsimamisha kando yake na kumwonyesha ukuta wa ng'ambo ya kichochoro. Akapiga polepole. Sauti ikagonga ukuta, ikawarudia wote wawili.

"Kumbe mjinga ni mimi! Yeye ana miaka sabini na kitu, anapiga tangu asubuhi hadi jioni, wala hatoki jasho."

Aliporudi nyumbani, kiongozi wa bendi alikuwa ameshamweka mpulizaji mwingine. Akampa Mashavu nafasi moja, mazoezi ya Jumapili iliyopita: akiweza, Jumamosi hii yuko kazini, asipoweza, waagane kwa amani.

Wiki nane zilikuwa zimetimia siku kumi tu nyuma. Alisimama akitazama ukuta, akapuliza kwa upole. Nyimbo tatu, zimeungana. Alipomaliza, kiongozi, mtu asiye na maneno mengi, alimsogelea.

"Miaka yote hii nakwambia upunguze," akasema. "Ilibidi uvuke mipaka ndiyo unisikie?" Kisha akamtajia saa ya kufika harusini.

Mashavu anasema alitoka nje, akakaa kwenye ngazi na kushusha pumzi ndefu mpaka binamu akamuuliza kama anaumwa. Alikuwa haumwi popote.

Kiangazi kijacho wanataka kurudi kule, saa mbili tu kwa siku, na safari hii kichochoro kitatafutwa kabla ya chumba cha kulala.

"Zamani nilikuwa nawapulizia walio mbali," anasema. "Sasa nampulizia aliye karibu. Wa mbali akipenda, miguu anayo, atasogea."