Mguu wa Mbawala Aliyejifia

Mwaka ule mvua zilipita kiasi, nami nilikuwa nimechoka na bandari ya Kalemie. Nilikuwa nimebeba magunia ya unga, nimepaka rangi mabehewa, nimelala kwenye ghala la samaki. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Nilitaka kuyaona mwenyewe yale ambayo mwalimu alikuwa akiyasoma kwenye daftari lake. Basi niliposikia kwamba bondeni, upande wa barabara ya Bendera, wanatafuta watu wa kuvuna mpunga, nilichukua mfuko wangu nikaenda.

Nilipokelewa na mama mmoja mjane mwenye shamba kando ya bwawa. Sisemi bwawa la kujengwa. Ni maji yaliyolala, yenye matete na tope jeusi. Alinipa chumba cha nyuma na chakula, mimi nikampa mikono yangu. Aliniita Mutembezi. "Mutembezi, kula ushibe, kesho utaenda kwa wengine."

Siku ya nane tangu nifike, ng'ombe walitokea. Walikuwa kama arobaini, wametoka Pepa juu ya mlima, na mwenye ng'ombe alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Majike wengi walikuwa na mimba. Alimwomba shefu wa kijiji alishe pale mpaka wazae, ndipo aendelee na safari. Shefu akakubali. Watu hawakumpenda tangu siku ya kwanza, na mimi sikumpenda pia. Mtu anayesalimiwa na kijiji kizima na kujibu kwa kichwa tu, nilijisemea, anaficha kitu.

Haukupita muda, mbawala wakaanza kuonekana wamekufa ukingoni mwa maji. Mbawala ni mnyama wa kujificha. Ukimwona akiwa hai una bahati. Sasa walilala wazi, bila jeraha la mkuki wala alama ya waya, povu puani. Mimi ndiye niliyempata wa tatu. Hatua chache kutoka kwake palikuwa na bidoni ya njano, dumu la plastiki, na ndani yake mabaki meupe kama maziwa yenye harufu ya kuchoma pua. Nilipiga kelele kabla ya kufikiri. Watu wakaja mbio.

"Hii bidoni njo ya nani?" shefu alimuuliza mwenye ng'ombe.

"Njo yangu. Dawa ya kupe. Nilisuuza pompi ya kunyunyizia."

"Ulisuuza ndani ya maji yetu?"

"Pembeni."

"Maji iko na pembeni?" mtu mmoja akauliza, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Shefu akampa siku sita. Siku ya saba asionekane, yeye wala ng'ombe wake. Mtu yule alikaa chini kwenye nyasi. Ng'ombe wawili walikuwa wameshatupa mimba juma lile. Kuwateremsha wengine kwa miguu hadi Kalemie kwenye tope lile kulikuwa ni kuwaua, na hakuwa na mali nyingine. Niliona, lakini sikumhurumia. Niliona pia kwamba hakubisha sana, nikalihesabu hilo kuwa ushahidi.

Ili asije kulaumiwa baadaye, shefu alituma habari Kalemie kwa watu wa mifugo, waje wathibitishe sumu. Siku mbili baadaye alifika mama mmoja daktari wa wanyama, kwa pikipiki, na sanduku la barafu limefungwa nyuma. Nilimfuata kila alipokwenda. Nilimuuliza glavu ni za nini, chupa ni za nini, kwa nini anapima joto la ng'ombe chini ya mkia. Mwishoni akanitazama.

"Papa, unauliza sana. Basi beba hii."

Ndivyo nilivyopata kazi. Nilibeba sanduku na mtego wake wa wadudu: taa ndogo, feni chini yake, wavu, na kikopo chenye spiriti. Jioni tuliuning'iniza kwenye matete, asubuhi tukaufungua. Kikopo kilijaa vitu vidogo kama pilipili iliyosagwa.

"Usubi," alisema. "Huyu anauma ng'ombe, anauma mbawala, anarudi tena kwa ng'ombe. Kama kuna virusi, yeye ndiye anavisafirisha."

Wanakijiji hawakuiamini taa ile. Mzee mmoja mvuvi wa kambale alisimama mbele yetu, mikono kiunoni. "Mama Dokta, tangu ulete taa, vidudu vimezidi. Unaviita vije, halafu utatuuzia dawa?"

"Papa, taa yangu haina simu."

Walicheka, lakini niliwasikia baadaye. Walisema damu inayotolewa kwa ng'ombe inauzwa ng'ambo. Walisema mwenye ng'ombe amemlipa daktari. Mimi mwenyewe nilimchungulia nione kama wanazungumza pembeni. Sikuona kitu, nikaamini kwamba wanajua kujificha.

Alimpasua mbawala wa nne, aliyekutwa amekufa asubuhi ile, mbele ya watu, akiwa amefunika uso na mikono, wote tumesimama mbali. Ulimi ulikuwa umevimba na kugeuka bluu. Ndani, damu ilikuwa imevilia mahali pengi.

"Sitataja jina mpaka maabara ijibu," alisema. "Lakini hii sio kazi ya dawa ya kupe. Mnyama mwenye homa anatafuta maji, njo maana wote wanakufa hapa. Niambieni kitu kimoja tu. Wa kwanza alikufa lini?"

"Kiisha ng'ombe kufika," walijibu. Wote, mara moja.

Alirudia swali kwa wanawake, kwa wavuvi, kwa wawindaji. Jibu lilikuwa lile lile. Tulipokuwa peke yetu, akiandika kwenye kikaratasi cha chupa, alisema, "Wanajibu kama wamekariri. Kama kweli ng'ombe walitangulia, basi labda wao ndio wameleta ugonjwa, na shefu ana haki ya kuwaondoa. Kama mbawala walitangulia, ugonjwa ulikuwa hapa. Kuwaondoa ng'ombe kutaupeleka kwa mbuzi wa Kalemie."

Siku ya tano kati ya zile sita, mama mwenye nyumba alinikuta naosha sanduku. Alikaa karibu, akachezea ncha ya kitenge chake.

"Mutembezi, ule ugonjwa unakamata muntu?"

"Dokta anasema aina nyingine zinakamata. Kwa damu mbichi, ukichinja."

"Na muntu alikata nyama zamani, na sasa ni muzima?"

"Zamani lini?"

Akaifunga fundo ncha ile ya kitenge.

"Nyama gani, mama?"

Alitazama mlangoni kwanza, kisha akaniambia. Nyama ile aliyonipikia siku niliyofika, yenye mafuta ya mawese, ambayo niliisifu mpaka nikaramba sufuria, haikununuliwa. Alikuwa amemkuta mbawala amejifia kwenye mpunga wake, akamkata kabla jua halijatoka.

Pale kijijini kila mnyama anayefia kwenye udongo wa shefu, awe amechomwa mkuki au amekutwa amelala, mguu wake wa nyuma unapelekwa kwa shefu. Mbawala ni mdogo. Ukitoa mguu, na jirani wakijua waje kuomba, hubakiwi na kitu. Kwa hiyo anayekuta mzoga mzima anaukata gizani, na asubuhi hajui chochote. Adhabu ni kunyimwa shamba la bwawani msimu mzima.

"Ukisema, nitalima wapi?" aliniuliza.

Nilikuwa nahesabu siku. Nilikula nyama ile siku ya kwanza. Ng'ombe walitokea siku ya nane. Mimi niliyepiga kelele kuhusu bidoni nilikuwa na ushahidi tumboni mwangu tangu mwanzo, na sikuwahi kuuliza nyama imetoka wapi, mimi ninayeuliza kila kitu.

Asubuhi ya siku ya sita watu walikusanyika. Mwenye ng'ombe alikuwa ameshafunga mizigo, fimbo mkononi. Nilisimama. Nilisema nilikula mbawala aliyejifia, siku saba kabla ng'ombe hawajafika. Nyumba sikuitaja.

"Ulikula wapi?" shefu akauliza.

"Nilikula, shefu."

"Unalala kwa nani?" sauti ikatoka nyuma, na vicheko vikaanza. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo mvuvi wa kambale akasimama, amekasirika kama aliyetukanwa.

"Mbona munamucheka yeye peke yake? Na mimi nilikuta mumoja, mwezi uliopita. Na wewe pale, ulikuta wawili, mukeo alileta kwangu maini!"

Kelele zikapanda. Mmoja akamtaja mwingine, mwingine akamtaja shemeji yake. Daktari alikuwa akiandika haraka. Shefu alikuwa akikunja vidole, kimoja kimoja.

"Miguu sita," alisema mwishoni. "Miguu sita yangu, munakula, na munanifukuzisha mugeni juu ya bidoni?"

Hakuna aliyenyimwa shamba. Ingebidi awanyime wote. Daktari alipanga na shefu mambo yafanywe vipi. Ng'ombe wangebaki, ila wapande kwenye mgongo wa kilima, kwenye upepo ambamo usubi hauwezi kuruka, na wasishuke majini kabla jua halijawa kali wala baada ya kupoa. Jioni mbolea kavu ya ng'ombe ichomwe, moshi uwazunguke. Mizoga izikwe kwa majivu, bila kukatwa. Mbawala hawezi kudungwa sindano, alisema, na bwawa halinyunyiziwi dawa kwa sababu samaki watakufa. Kilichobaki ni kuwaacha wanyama watulie mpaka mvua zikatike. Pompi ya kupe isioshwe tena pale. Hilo mwenye ng'ombe aliliitikia kwa kichwa.

Mchana ule nilikuta mfuko wangu nje ya mlango, umefungwa vizuri, na ndizi mbili juu yake. Mama hakutoka.

Nilipanda kilimani kumtafuta mwenye ng'ombe. Nilifikiri angenipa mkono. Alikuwa akirundika mbolea kavu, koti limelowa jasho. Nilimwambia naweza kumsaidia kuwasha moshi, chakula tu kinatosha.

Alidondosha mbolea aliyoshika, akanitazama.

"Weye njo ulisema nimeua," alisema. "Leo weye njo unasema sikuua. Kesho utakuta nini kwa nyasi zangu?"

Akaendelea kurundika. Nilisimama nikitazama ng'ombe, wengine tumbo kubwa, wakila bila wasiwasi. Kisha nikaanza kuokota mbolea upande wa pili wa rundo, mbali na mizigo yake, mahali ambapo angeweza kuniona.