Mkasi

Wenzake wa kujitolea walimpachika jina la Mkasi. Michezo mifupi ya kuigiza ya kale waliyoisoma na kuirekodi kwa simu, kila mtu kwake, yote ilipitia mikononi mwake aiunganishe, naye alikata vikohozi, milio ya viti na kila "samahani, narudia." "Mkasi, tuachie hata pumzi!" walimtania. Hakucheka. Alifumba macho, akagonga meza kwa kidole kimoja, akakata.

Siku hiyo mama wa mmoja wa wasomaji alikaa nyuma yake, mikono mapajani, akiomba kimoyomoyo. Mwanawe alisoma sehemu ya askari kabla Mungu hajamchukua, lakini aliruka sentensi ya mwisho, na kwa kanuni ya kundi, sehemu yenye pengo husomwa upya yote na mtu mwingine.

"Subiri kidogo, mama." Mkasi alifungua vipande alivyokwisha kukata, kimoja baada ya kingine, kidole kikigonga. Kikohozi. Mlango. Kikohozi tena. Mama alibana pumzi. Ndipo sauti ya kijana ikatoka: "Nimerudi, mama. Aa, samahani dada, hiyo ni ya mwisho. Narudia."

Mkasi alichomoa "Nimerudi, mama," akaipachika mwishoni mwa sehemu ya askari. Pengo likaziba. Kidole chake kilibaki hewani.

"Na hiyo samahani yake," mama aliuliza polepole, "utaitupa, mwanangu?"

"Sijawahi kutupa hata kikohozi chake," alisema Mkasi bila kugeuka. "Lete simu yako, mama, nikuwekee vyote."