Mitumbwi Miwili ya Jipe

Nilipokuwa mtoto huko Uru, siku za Mwingereza, samaki hakupita mlangoni kwetu. Bibi, mama yake baba, alimwita ndugu wa nyoka, na neno la bibi lilikuwa sheria, hata kwa baba aliyekuwa katekista. Basi baba na mdogo wake, baba mdogo Elia, waliposema wananunua mtumbwi wa kuvulia perege ziwa Jipe ili wawauze mjini Moshi, bibi hakula siku nzima.

Mitumbwi iliyokuwa ikiuzwa ilikuwa miwili, yote imekwishatumika. Mmoja ulikuwa wa mvuvi aliyefariki, ukiuzwa na mjane wake. Wa pili ulikuwa wa mzee mmoja aliyechoka kuvua. Baba alisema niende nao niwapikie. Asubuhi ya safari bibi aliniita migombani, akanipa jani la sale. Sisi Wachagga tukimwomba mtu radhi au ruhusa, tunampa jani hilo, na ni vigumu mtu kulikataa.

“Mwambie baba yako,” alisema, “wakichukua cha marehemu, kwanza wampe mjane jani hili, wamwombe. Asiporidhia, marehemu atadai chake.”

Hakumwambia mwenyewe kwa sababu walikuwa wamenuniana juu ya samaki, nami nikawa tarishi wao.

Tulipanda lori, kisha tukatembea mpaka ziwani. Mtumbwi wa marehemu ulikuwa mzima kabisa. Mjane alikaa kando yake, hatusemeshi. Nilimwogopa mno. Nilijua baba akiliona lile jani atanituma mimi nimpelekee, maana katekista hawezi kuonekana na jani la mila mkononi. Nikalitupa kwenye matete. Kisha nikampa baba nusu ya ujumbe.

“Bibi amesema msichukue cha marehemu.”

Baba, aliyewafundisha watu kila Jumapili wasiogope mizimu, alikohoa, akageukia mtumbwi wa pili.

“Kaka, huu una kiraka,” alisema baba mdogo.

“Tutaupima.”

Wakaupima kama tulivyopima pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, nyumbani: waliujaza maji ndani, wakangoja. Halikutoka hata tone. Walifurahi, wakashikana mikono. Sisi watu wa mlimani tulijua vyombo vya kushika maji ndani. Chombo cha kuyazuia nje hatukukijua. Kiraka kile kilipigiliwa kwa ndani. Maji waliyomimina yalikikandamiza, lakini ya ziwa yangekisukuma kitoke. Yule mzee aliyekuwa akiuza alitutazama tu, na mpaka leo sijamsamehe.

Wiki ya pili kiraka kilibanduka katikati ya ziwa. Baba mdogo Elia hakujua kuogelea.

Tulimzika kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Siku ya matanga bibi alimwambia baba, nami nipo, “Nilikutumia neno.”

“Nililifuata, mama.”

“Ungelifuata, mwanangu angekuwa hai.”

Baba alinitazama. Nilikuwa na sahani mikononi, nikainama, nikaenda kuosha vyombo.

Watu wa Uru walisema onyo la bibi limetimia, na wengine wanasema hivyo hadi sasa. Mimi siwezi. Mtumbwi wa marehemu ulinunuliwa na watu wengine, ukavua miaka mingi bila kumdhuru mtu. Bibi hakukataza usichukuliwe. Alitaka tu mjane aombwe vizuri kabla mali ya mumewe haijabebwa na wageni. Laiti ningefikisha maneno yake yote, huenda baba angebeba lile jani kwa siri, wakarudi na mtumbwi mzima.

Bibi hakula tena nyumbani kwetu. Alikufa akiamini mwanawe alimdharau. Baba alikufa akiamini kwamba kumtii mama yake ndiko kulikomuua ndugu yake. Sentensi moja yangu ingewapatanisha. Siku ile ziwani nilikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa husamehewa. Lakini tulipomzika baba nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na nilikuwa bado sijasema.